Mkia wa Tone

Madamu alikuwa na sentensi moja ambayo mpaka leo naisikia kichwani hata nikiwa naosha vyombo: "Mwisho toa mwanzo, gawa kwa muda." Ilikuwa kanuni ya mchapuko, yaani namna ya kujua kasi ya kitu inabadilika kiasi gani kila sekunde inayopita. Unachukua kasi ya mwisho, unatoa kasi ya mwanzo, unagawa kwa muda uliotumika. Basi. Sisi tuliosoma kwake, katika shule ya kata iliyoko kati ya Isingiro na Nkwenda, tuliimba sentensi hiyo kabla hatujaielewa, na wengine waliondoka shuleni wakiwa bado hawajaielewa. Lakini nenda leo sokoni Nkwenda, useme "mwisho toa mwanzo" kwa sauti, uone kama mnunuzi wa maharage hatakumalizia iliyobaki huku akishona gunia.

Alikuwa mwalimu wetu wa fizikia. Walimu wengine wa kike waliitwa Madamu fulani na Madamu fulani. Yeye alikuwa Madamu tu, na mimi nitamwita hivyo hivyo. Jina lake limeshatajwa vya kutosha vijiweni, tena na watu wasiomtakia heri. Ukitaja jina hilo Kyerwa nzima, utaambiwa: "Ah, yule mama aliyemfunga mwanawe." Ni kweli, na nitafika huko. Ila nakasirika watu wanapoanzia huko, maana mtu huyu alikuwapo kabla ya mahakama, na mimi nilimpenda kabla ya mahakama.

Maabara yetu ilikuwa chumba chenye kabati lililofungwa, na ufunguo wake alihama nao mkuu wa shule wa zamani. Madamu hakuhangaika na kabati. Alichukua kopo tupu la maziwa ya unga, akalitoboa kwa msumari, akapitisha uzi wa pamba kwenye tundu ili maji yadondoke tone moja moja kwa utulivu. Kopo akalifunga nyuma ya baiskeli. Mwanafunzi mmoja alipanda juu ya mteremko ulio karibu na shule, akaiachia baiskeli ishuke yenyewe bila kukanyaga pedali, na sisi wengine tukafuata nyuma tukisoma vumbi. Juu kabisa matone yalikaribiana. Kadiri ulivyoshuka yaliachana, na kule bondeni ungeweza kulala kati ya tone na tone.

"Kutoka tone hadi tone ni muda uleule," alisema. "Kopo halina haraka. Nafasi ikipanuka, nani kabadilika?"

"Baiskeli, Madamu!"

"Baiskeli kabadilika nini?"

"Kasi!"

Hapo ndipo tulipohesabu. Mwanzo mita mbili kila sekunde, mwisho mita nane, muda sekunde sita. Nane toa mbili, sita. Sita gawa kwa sita, moja. Kila sekunde iliyopita ilikuwa imeongeza mita moja kwenye kasi ya baiskeli, na hesabu hiyo tuliiona imechorwa njiani kwa maji. Alitufundisha haya yote kwa Kiswahili, akichanganya na Kinyambo pale tulipokwama, ingawa yeye mwenyewe ni Mhaya wa Muleba na Kinyambo chake kilituchekesha. Mkaguzi akija, tulihamia kwenye Kiingereza, tukawa wajinga wote pamoja naye.

Kitu ambacho hakuna aliyekielewa ni kwamba mwanamke huyu aliyependa kasi ubaoni aliiogopa barabarani. Hakupanda bodaboda. Gari likifika juu ya mteremko aliomba ashushwe, akashuka kwa miguu, mkoba kichwani, akalikuta gari limemsubiri bondeni au limekwenda zake. Mwalimu wa dini alimtania kwamba anahubiri asichokiamini. Madamu akamjibu, "Wewe unahubiri mbingu, mbona hujakata tiketi?" Kisha akatoa kahawa ya kutafuna kutoka kwenye kitambaa alichokifunga pembeni ya khanga, akampa punje mbili za kumtuliza. Kahawa hiyo alitembea nayo daima. Aliyejibu vizuri darasani alipewa punje, na aliyeuliza swali zuri alipewa nyingi zaidi.

Kwaya ya Kilutheri nayo ilikuwa na kesi naye. Mwalimu wa kwaya alilalamika kila Jumapili kwamba Madamu anaharakisha nyimbo. Wimbo unaanza wa maombolezo unaishia wa harusi. Alikana katakata. Siku moja vijana walimpimia kwa saa ya mkononi, ubeti wa kwanza na wa mwisho, wakamletea hesabu kamili ya mchapuko wake. Akasahihisha kosa moja la kutoa, akaweka alama ya vema, na Jumapili iliyofuata akaimba kama kawaida yake.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wa kupata themanini. Mtihani huu themanini, ujao themanini. Nilisubiri sifa na sikuzipata. Sifa alipewa kijana aliyetoka kumi akafika thelathini; alisimamishwa mbele, akapigiwa makofi, akapewa kahawa. Nilipomfuata ofisini kulalamika, hakuinua hata macho. "Themanini toa themanini?" akauliza. Nikasema sifuri. "Gawa kwa muda wowote utakaoutaka." Nilitoka pale nikiwa na hasira zilizonifanya nisome usiku na mchana, na nadhani ndicho alichokitaka.

Jambo lililomtia hasira za kweli lilikuwa mwelekeo. Kabla ya hesabu yoyote alidai useme unaita upande gani chanya na upande gani hasi. Sisi tuliamini hasi maana yake ni kupunguza mwendo. Mchapuko ukitoka hasi tunaandika: gari linafunga breki. Chaki zilitupata vichwani kwa kosa hilo. "Hasi si breki!" alipiga kelele. "Gari linalorudi kinyumenyume likiongeza kasi, mchapuko wake nao ni hasi. Chagua mwelekeo kwanza! Kwanza niambie unaelekea wapi, ndipo uniambie habari za kuongeza na kupunguza."

Ndipo mwenzetu mmoja, mtundu wa darasa, akauliza swali lililokuja kutugharimu sote. Alisema, kwa neno la heshima la Kinyambo, "Waitu Madamu, nikikuta matone yamebanana juu na kuachana chini, nitajuaje? Inaweza kuwa baiskeli imeshuka ikiongeza kasi. Lakini pia inaweza kuwa imepanda kutoka chini, ikachoka, ikafika juu inajikokota. Matone si ni yaleyale?"

Madamu aliacha ubao. Alimmwagia yule mtundu kitambaa chote cha kahawa mkononi. Kisha akatutoa nje, akatupigisha magoti mteremkoni, darasa zima, sketi na suruali kwenye vumbi. Tuliona jambo ambalo tungeweza kulikanyaga miaka yote. Tone lililodondoka kwenye kitu kinachokwenda halikai duara. Linaporukia vumbi, maji yake yanatupwa mbele kidogo, kule baiskeli inakoelekea, na kuacha ncha ndogo. Aliita ncha hiyo mkia.

"Madamu, mkia gani uko mbele?"

"Wa tone," alisema. "Nafasi inakwambia kasi. Mkia unakwambia mwelekeo. Ukisoma kimoja ukaacha kingine hujasoma, umebahatisha."

Yule mtundu baadaye alikuja kuwa askari wa usalama barabarani wilayani kwetu.

Mwana wa Madamu alisoma nasi, kidato kimoja nyuma yangu. Ni mtoto wake pekee, naye Madamu alikuwa mjane. Alikuwa kijana mpole, mwenye mikono mirefu, anayesikiliza masomo ya mama yake kwa aibu. Kulikuwa na swali moja ambalo Madamu alilipenda kuliko yote, akalitoa kila mwaka. Pikapu imebeba mzigo mzito, mbele yake kuna mteremko, na baada ya mteremko kuna mlima mwingine. Vilima vya Kyerwa ndivyo vilivyo, ukimaliza kimoja kingine kinakusubiri. Dereva akishuka polepole atakwama katikati ya mlima unaofuata. Je, ashuke kwa mchapuko gani ili afike bondeni na kasi ya kutosha kumpandisha? Madereva wote wa kule huliita jambo hilo kuukimbilia mlima, na hulifanya bila hesabu. Madamu alitupa hesabu yake. Mwanawe alikuwa wa kwanza kuipata, na nakumbuka mama alivyojizuia kutabasamu.

Alipomaliza shule kijana akawa dereva wa pikapu ya maziwa. Alikusanya madumu kwa wafugaji wa nyikani, asubuhi na mapema, akayapeleka kwenye kituo cha kupozea. Maziwa yakichelewa yanachacha na kukataliwa, kwa hiyo dereva wa maziwa hana asubuhi ya kupumzika. Mama yake alimwambia kila siku mlangoni, "Polepole, baba." Akajibu, "Ndiyo, mama." Akiisha kuondoka, Madamu alisimama uani mpaka mlio wa gari upotee.

Ilitokea kwenye mteremko uleule wa karibu na shule. Binti wa kidato cha pili alikuwa akivuka bondeni kuja shuleni. Alikuwa mwanafunzi wa Madamu, ndiye aliyeshika kopo muhula ule. Pikapu ikamgonga, ikapinduka mtaroni, na maziwa yote yakamwagika. Binti alikufa palepale. Kijana alitoka ndani ya gari na mkono uliovunjika, akakaa kando ya binti, hakukimbia, na watu walipomkuta alikuwa akirudia maneno yale yale: "Nilifunga breki. Nilifunga breki tangu juu."

Madamu alifika kabla ya polisi. Mimi wakati huo nilikuwa nimeshakuwa mwalimu wa fizikia huko Kituntu, lakini siku ile nilikuwa nimekuja kwa Madamu kuazima vitabu, nikafika barabarani nyuma yake. Binti alikuwa amefunikwa khanga. Kijana alikuwa amepelekwa zahanati. Madamu hakulia. Nilimwona akipandisha mteremko taratibu, macho chini, kisha akapiga magoti. Nikaona alichokiona. Kulikuwa na matone ya maziwa njiani, meupe juu ya vumbi jekundu, na sisimizi wameshaanza kuyazunguka. Dumu moja lilikuwa linavuja. Alitambaa kutoka tone hadi jingine, uso karibu na ardhi, kama mtu aliyepoteza pete. Mimi sikuthubutu kumsogelea. Aliponyanyuka, magoti yake yalikuwa mekundu na uso wake ulikuwa umekwisha. Sina neno jingine. Alinipita bila kuniona.

Trafiki alikuja, yule mtundu wetu wa zamani. Naye aliona matone, akakumbuka alikotoka, akapima nafasi kwa futi kamba na kupiga picha akiwa amesimama. Nafasi zilipanuka kuelekea bondeni. Kabla ya mchana mvua ilinyesha, ikasafisha kila kitu.

Kesi ilipofika mahakama ya wilaya, jambo lilikuwa moja tu. Upande wa mashtaka ulisema nafasi za matone zinaonyesha gari lilishuka likiongeza kasi, hivyo mshtakiwa alidanganya kuhusu breki. Wakili wa kijana akajibu kwamba asubuhi ile gari lilipita mteremko ule mara mbili. Kwanza lilipanda na maziwa ya wafugaji wa bondeni, likachukua ya wafugaji wa juu, ndipo likashuka. Gari linalopanda na mzigo linapungua kasi kuelekea juu, na matone yake yatabanana juu na kuachana chini vilevile. Nani ajuaye matone yale ni ya safari gani? Lilikuwa swali lilelile la darasani. Ili kulithibitisha, wakili akamwita mtaalamu aliyekuwa karibu, naye ni mama wa mshtakiwa.

Ukumbi ule ulijaa watu waliofundishwa naye. Trafiki, karani, nusu ya waliosimama madirishani. Sote tulijua habari ya mkia. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kuuona ni kingine. Picha zilipigwa kwa mbali, mvua ilishanyesha, na mtu aliyepiga magoti pale alikuwa mmoja tu. Mbele kabisa alikaa baba wa marehemu, mfugaji, mzee mrefu mwenye fimbo yake katikati ya magoti. Katika maziwa yaliyomwagika siku ile yalikuwamo ya ng'ombe wake.

Wakili akauliza. Madamu akaeleza kuhusu nafasi, kwa sauti ile ile ya darasani, mpaka hakimu akawa anatikisa kichwa kwa kuelewa. "Kwa hiyo, shahidi," wakili akasema, "nafasi za matone pekee zinaweza kutuambia gari lilikuwa linaelekea wapi?"

"Haziwezi," alisema Madamu.

Ilikuwa kweli tupu. Wakili akakaa. Mwendesha mashtaka alisema hana swali. Nilimtazama trafiki, alikuwa ameinamisha kichwa, kofia mkononi, na najua alilolikumbuka, na najua aliamua kunyamaza. Nami nilinyamaza. Hakimu akamwambia Madamu anaweza kushuka.

Hakushuka. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili. Kijana wake alimwangalia, akaelewa kabla yetu sote, akasema polepole, "Mama."

"Sijamaliza, Mheshimiwa," alisema. "Kuna mkia."

Akausema wote. Aliliangalia dirisha, hakumwangalia yeyote, akaeleza tone linavyoruka na ncha inavyoelekea. Akasema aliyakagua matone yale mwenyewe, akiwa amepiga magoti, kabla ya mvua, na mikia yote ilielekea bondeni. Gari lilikuwa linashuka. Nafasi zilikuwa zinapanuka. Hapakuwa na breki. Kisha akamaliza kama alivyomaliza somo kila siku, nadhani bila kujua: "Kuna mwenye swali?"

Hakuna aliyekuwa na swali. Kijana alifungwa.

Watu wa kwetu hawakumsamehe. Ungetegemea ndugu wa marehemu wamchukie mama wa muuaji, lakini waliomchukia zaidi ni akina mama wasiohusika kabisa. Kanisani walihama benchi lake. Mmoja alimwambia uso kwa uso, mlangoni mwa kanisa, "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, wewe sijui ulizaa au uliokota." Madamu alimjibu "asante," akaenda nyumbani. Kwaya aliiacha. Kahawa aliiacha. Darasani aliendelea kwa muda, lakini mada ya mchapuko alimwachia mwalimu wa hesabu, naye aliifundisha vibaya.

Nilimtembelea mara nyingi katika miaka ile, na kila mara nilitoka nikiwa na uzito. Alikwenda gerezani kila aliporuhusiwa, na kwa muda mrefu kijana alikataa kuja dirishani. Madamu alinisimulia bila kulalamika. Kilichomla hakikuwa hicho tu. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuukimbilia mlima," aliniambia siku moja, tukimenya ndizi. "Alipata swali lile kabla ya wenzake wote. Nilifurahi. Unakumbuka nilivyofurahi?" Nikamwambia madereva wote huukimbilia mlima, hata ambao hawajawahi kukaa darasani. Akaniangalia kwa ukali wake wa zamani. "Sikuulizi habari za madereva wote."

Halafu likamwingia wazo ambalo nililiogopa kuliko kilio. Je, kama alisoma vibaya? Mlimani kwetu asubuhi kuna upepo usiotulia, mara unapanda kutoka bondeni, mara unateremka. Mkia wa tone ni kitu chepesi. Je, upepo hauwezi kuugeuza? Je, mteremko wenyewe hauwezi kuuvuta chini, hata gari likiwa linapanda? Na yeye siku zote alitumia maji, yale yalikuwa maziwa; maziwa ni mazito kuliko maji. Akaanza kujaribu tena. Kopo lilelile, baiskeli ileile, yeye akiomba mpita njia ampandishie au amteremshie. Watu walisema ameharibikiwa. Nilimsihi aache. "Madamu, ulisema ulichokiona." Akajibu, "Niliona mara moja. Tangu lini nikakufundisha kupima mara moja?"

Kijana alipotoka gerezani alirudi nyumbani kwa mama yake. Nilidhani mambo yangetulia. Mwaka huu, wakati wa kiangazi, nilikwenda kuwaona, na nyumbani sikumkuta mtu. Jirani akanielekeza kwa kidevu, upande wa mteremko.

Niliwakuta watatu. Juu ya mteremko kijana alikuwa ameishika baiskeli, amekonda, nywele zimeanza mvi kabla ya wakati wake. Kando yake alisimama mtu niliyemtambua kwa fimbo kabla sijamtambua kwa uso. Alikuwa baba wa marehemu, na mkononi alikuwa na kibuyu cha maziwa. Bondeni, kwenye kigoda, alikaa Madamu, macho yake yamefunikwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba. Ni wa themanini huyo," alisema, akanyoosha mkono hewani mpaka nikaushika. "Umekuja vizuri. Mimi sioni tena mikia. Utanisomea."

Nilipanda kwanza kuwasalimu waliokuwa juu. Wasiowajua wafugaji wa kwetu hawataelewa nilichokiona. Kwao maziwa hayamwagwi chini. Mtoto akimwaga kwa bahati mbaya anakemewa kama aliyetukana wazee. Na mzee huyu alikuwa anamimina maziwa ndani ya kopo lenye tundu, kwa makusudi, yadondoke barabarani.

"Aliniomba," mzee aliniambia kwa sauti ya chini. "Alisema maji si maziwa. Alikuja mpaka kwenye zizi langu, kwa miguu, hali haoni. Ningefanyaje? Nilimwambia, waitu Madamu, mimi nilishamaliza, nawe maliza. Akasema hawezi kumaliza hesabu ambayo hajaihakiki." Hakumtazama kijana hata mara moja alipokuwa akisema, na kijana hakumtazama yeye. Walisimama upande na upande wa baiskeli ile.

Nikamuuliza kijana kama amewahi kumwambia mama yake ukweli wake mwenyewe.

"Kila siku namwambia," alisema. "Namwambia, mama, ulisema kweli. Nilikanyaga mafuta. Nilikuwa naukimbilia mlima, maziwa yalikuwa yanachelewa, sikumwona mtoto. Breki niliisema kwa hofu. Namwambia hivyo asubuhi, jioni ananiambia nitoe baiskeli." Alifuta uso begani. "Anataka iwe sikufanya."

Alipanda, akaiachia baiskeli. Ikashuka, kopo likidondosha, matairi yakiimba kwenye changarawe, mpaka ikampita mama yake bondeni ndipo akafunga breki. Nami nikashuka nikifuata matone. Yalikuwa meupe juu ya vumbi jekundu. Upepo ulikuwepo, ukipanda kutoka bondeni, ukinipiga usoni. Nikapiga magoti karibu na kigoda chake, nikaliangalia tone kwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Nitasema wazi: nilitamani kudanganya. Ilikuwa neno moja tu. Kijana alikuwa amegeuka ananitazama, na machoni mwake niliona ananiomba nidanganye. Mzee kule juu alikuwa ameegemea fimbo, akisubiri. Ningesema mkia mmoja tu umegeuzwa na upepo, na mwanamke huyu angepata pa kushika, angelala usingizi.

"Umechagua mwelekeo?" aliuliza, uso wake umeelekezwa kwangu.

"Nimechagua, Madamu. Bondeni ni chanya."

"Nafasi?"

"Zinapanuka."

"Mkia?"

Sisimizi mmoja alikuwa ameshafika kwenye maziwa. Ncha ya tone ilikuwa imenyooka kuelekea chini, wazi, kama siku ile alipotupigisha magoti.

"Chanya, Madamu."

Alitafuta ardhi kwa vidole, akaligusa tone, akaliharibu, vidole vikabaki na tope jeupe. Alivifuta kwenye khanga taratibu, kimoja kimoja. Nikadhani sasa atalia, sasa itakwisha, nikasogea ili nimshike.

"Tena, baba," alimwambia mwanawe.

Kijana akaigeuza baiskeli na kuanza kuisukuma kupanda mlima, kichwa chini. Kule juu mzee aliinua kibuyu, akakitikisa kusikia kama kimebaki kitu. Kilikuwa kimebaki kidogo, cha chini kabisa, ambacho wafugaji huwaachia watoto. Baiskeli ilipomfikia, akakimimina chote.